Hukumu Bila Sababu

Iko ada iliyoenea upesi katika mabaraza yetu ya mtandaoni, na imeenea upesi kwa kuwa haimgharimu mtu kitu. Mtu huandika neno lake, liwe la hekima au la upuuzi. Wenziwe hulipitia kwa nusu ya jicho, kisha hulipigia alama ya kidole gumba, au ya moyo, au ya kicheko. Jua likichwa alama huhesabiwa, na neno lenye alama nyingi huitwa neno bora. Wanafunzi wa vyuo huifuata ada hii sawasawa na wachuuzi wa sokoni. Na wanazuoni, ambao kazi yao ni kuyapima maneno, wameanza kujipima wao wenyewe kwayo. Nasema kwamba hiyo si hukumu hata kidogo. Hukumu ni kauli yenye sababu, itokayo katika kinywa cha mtu ajulikanaye, mbele ya watu wawezao kumjibu. Kauli isiyo na sababu, isiyo na mwenyewe na isiyojibika ni makelele tu, hata makelele hayo yakihesabiwa kwa tarakimu.

Nitaanzia Rungwe, maana ni wilaya ambayo habari za mazungumzo ya watu wake ziliandikwa kwa kirefu kuliko ilivyo kawaida. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza maisha yao. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea na kazi, na mwaka 1951 akatoa kitabu kiitwacho Good Company. Jina hilo lilikusudiwa kulieleza neno moja la Kinyakyusa, nalo ni ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzio kwa furaha, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza. Ni ajabu ya kutia moyo kwamba mchunguzi aliyekuja kutazama ardhi, ng'ombe, ndoa na utawala aliona kwamba ufunguo wa mambo yote hayo ulikuwa katika mazungumzo.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala pamoja na wavulana wa rika lake katika vibanda walivyojijengea kando. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa zamu na kwa kundi, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Walipokua wakaoa, vibanda vile viligeuka kijiji kamili. Na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa ya kuwakabidhi vijana nchi na madaraka yaliyokuwa ya baba zao. Watu wa rika moja, basi, waliishi pamoja tangu utoto hadi uzee. Kila mmoja aliyajua maneno ya mwenziwe ya jana na ya mwaka juzi, na hapana aliyeweza kunena leo na kesho akawa mgeni.

Yafaa tuzingatie kwa nini Wanyakyusa waliuthamini ukwangala kiasi hicho. Waliamini kwamba hekima na adabu hupatikana katika mazungumzo ya watu walio sawa, na kwamba ajitengaye na wenziwe hubaki mjinga hata akiwa na mali. Katika baraza la namna hiyo msemaji huonekana uso wake. Akinena ovyo huulizwa pale pale, na asipokuwa na jibu hunyamaza mbele ya watu atakaokula nao jioni. Anayempinga naye huonekana, na kesho yaweza kuwa zamu yake ya kuulizwa. Kusifu na kulaumu vilikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyovipa thamani.

Monica Wilson aliandika pia juu ya jambo lililoitwa pumzi ya watu. Wanyakyusa waliamini kwamba mtu akiwakosea majirani, kwa mfano akiwadharau wazazi wake au akiwanyima wenziwe haki yao ya karamu, manung'uniko ya kijiji yaliweza kumletea baridi na maradhi. Nguvu hiyo ilihesabiwa kuwa ya haki ilipowalinda wengi na uovu wa mmoja. Lakini nguvu ile ile, ilipotumiwa kwa husuda na kwa siri, iliitwa uchawi, na ilichukiwa kuliko jambo lolote. Tena waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huua, kwa hiyo wenye ugomvi walitakiwa waiseme waziwazi kabla ya kupatanishwa. Si lazima msomaji aamini kwamba manung'uniko huleta homa ili akubali busara iliyo ndani ya mafundisho haya: lawama ya umma ina nguvu kubwa, na nguvu hiyo yataka isemwe kwa kinywa, kwa sababu zake, la sivyo haitofautiki na uchawi.

Sikusudii kuipamba Rungwe ya kale kwa rangi isizokuwa nazo. Baraza lile lilikuwa la wanaume, na wanawake, ambao chungu kilikuwa mikononi mwao, hawakuwa na kiti kilicho sawa ndani yake. Waliotuhumiwa uchawi walifukuzwa, na baadhi yao bila shaka hawakuwa na kosa ila kuchukiwa. Vijiji vya rika vimekwisha; shule, kazi za migodini, uhaba wa ardhi na dini mpya viliviondoa, wala hapana anayetaka kuvirudisha. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kwamba kipimo walichokitumia cha kujua neno jema kilikuwa bora kuliko hiki chetu cha vidole.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya starehe, na kwamba alama za simuni hazimdhuru yeyote. Na tutazame shamba. Nchi ya Tukuyu ni ya mvua nyingi na ukungu mwingi, na viazi mviringo hustawi pale. Lakini hali hiyo hiyo ya baridi na unyevu huukuza ugonjwa ambao mabwana shamba huuita bakajani chelewa. Tuseme katika kundi moja la simu la wakulima wameandika watu wawili. Wa kwanza amesema kwa maneno matatu na picha moja kwamba majivu na sabuni huponya shamba lililokwisha kuungua. Wa pili ameeleza kwa maneno marefu kwamba ugonjwa huu husafiri kwa upepo na matone ya mvua, na hujificha katika mbegu. Kwamba dawa hukinga jani lililo zima wala haifufui lililokufa. Na kwamba masalia yenye ugonjwa yaondolewe shambani. Wa kwanza amepata vidole mia mbili, wa pili vitatu. Hao mia mbili hawakusema uongo, maana hawakusema kitu. Hapana hata mmoja wao awezaye kuulizwa, "Wewe ulijaribu majivu haya katika shamba gani, na ulivuna nini?" Lakini mjane aliyeifuata hesabu yao atakosa mbegu ya msimu ujao, na watoto wake watalala njaa kwa hukumu isiyo na hakimu.

Wakulima hao hao wana mfano bora zaidi mlangoni pao. Anayepeleka majani ya chai katika kituo cha kukusanyia hukuta mizani, na mizani humwambia uzito wa mzigo wake. Wala mizani haiwezi kumwambia zaidi. Iwapo amechuma majani mawili na kichipukizi chake, au amechanganya makuti magumu na vijiti ili kuongeza kilo, hilo hujulikana kwa jicho na mkono wa mkaguzi, ambaye huyageuza majani, huyatazama, na akiyakataa humwonyesha mwenyewe kasoro iliyopo. Safari haiishii hapo. Chai iliyokwisha kusindikwa huonjwa na waonjaji kwa kijiko, kikombe baada ya kikombe, kabla ya kutiwa bei. Na katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, hapana mnunuzi mwenye akili aliyewahi kuridhika na habari za uzito peke yake. Tunavipima vinywaji vyetu kwa uangalifu huu wote, kisha mawazo yetu tunayatupa juu ya mizani ya vidole na kuondoka!

Watetezi wa hesabu hujibu kwamba wengi hawakosei, na kwamba makosa ya mmoja hurekebishwa na mwingine hata ukweli ukaelea juu kama mafuta. Madai haya yamejaribiwa. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walitangaza katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilofanya kwa miezi mitano juu ya maoni zaidi ya 100,000 yaliyoandikwa na watu mtandaoni. Baadhi ya maoni, yaliyoteuliwa kwa bahati nasibu bila kujali uzuri wala ubaya wake, yalipewa na wachunguzi alama moja ya sifa mara yalipoandikwa. Msomaji wa kwanza aliyeyakuta alikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 32 wa kuongeza sifa juu ya ile aliyoikuta, na mwishoni alama za maoni hayo zilipita za mengine kwa wastani wa asilimia 25. Sifa moja ya uongo ilizaa sifa nyingi za kweli. Lililo la ajabu zaidi ni kwamba lawama ya uongo haikufaulu hivyo. Wasomaji waliifuta kwa sifa zao. Maana yake ni kwamba umati hujihadhari na uonevu, lakini haujihadhari na kujipendekeza. Nasi twajua lugha ya mtaani inavyowaita watu wa namna hiyo: bendera fuata upepo.

Hata wenye viwanda vya vidole hivi wameanza kuvitilia shaka. Kitufe cha kupenda cha Facebook kilianza mwaka 2009 na kikaigwa kila mahali. Mwaka 2021 Instagram iliwapa watumiaji wake ruhusa ya kuficha hesabu ya waliopenda, na mwaka huo huo YouTube iliiondoa machoni pa watu hesabu ya wasiopenda. Mwuza mizani akianza kuifunika mizani yake kwa kitambaa, mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Wengine hutetea hesabu kwa jina la demokrasia. Wanasema, "Tumechoka na wakubwa wa kutuamulia, acha kila mtu awe na kura." Hoja hii yataka heshima, kwa kuwa nyuma yake kuna uchungu wa kweli. Walakini inachanganya vitu viwili. Kura humchagua kiongozi kwa sababu kila raia ataishi chini ya uongozi huo, na kwa hiyo kila raia ana fungu sawa katika jambo hilo. Kura hupigwa mara moja, kwa siri, wala mpiga kura haonyeshwi kwanza hesabu ya waliomtangulia. Vidole vya simuni havina hata sharti moja la hayo. Tena hata kura halali haina uwezo wa kulifanya bakajani chelewa likubali majivu, wala ubeti mbovu uwe mzuri. Uhuru wa kusema ni haki ya kila mtu. Usahihi wa neno lililosemwa ni kitu cha kuthibitishwa, na hauthibitishwi na wingi.

Wako pia wa upande wa pili, nao ni hatari vilevile. Hao wakiona fujo ya vidole hukimbilia muhuri: wanataka ofisi moja, kamati moja au leseni moja iseme lipi ni neno bora. Historia yetu imekwisha kuujaribu muhuri. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikuwa na kazi ya kuvipitia vitabu vya shule na kuviidhinisha. Ilifanya kazi kubwa ya kusawazisha tahajia, na hilo hatulikani. Lakini idhini yake ilishuhudia usanifu wa lugha, na watu wakaanza kuidhania kuwa shahada ya ubora, ambapo kitabu chaweza kuwa na sarufi safi na kisiwe na uhai. Katika siku zetu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka Watanzania wenye kurasa za habari na mijadala wakate leseni, na gharama zake kwa mwaka wa kwanza zilizidi shilingi 2,000,000 kabla ya kupunguzwa baadaye. Ada ya leseni hupima mfuko wa mwandishi. Haikupata kupima hoja.

Umati na muhuri, kwa hiyo, ni ndugu wawili wa tumbo moja, ingawa wanagombana hadharani. Umati husema, "Ni jema kwa kuwa sisi ni wengi." Muhuri husema, "Ni jema kwa kuwa mimi ni mkubwa." Hapana kati yao anayesema, "Ni jema kwa sababu hii na hii, nawe waweza kuichunguza."

Fasihi yetu ina ushahidi wa kutosha juu ya wote wawili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapinzani walikuwa wengi na wenye majina. Kama ubora ungeamuliwa kwa hesabu ya waliopendezwa siku ile, diwani ile ingalizikwa kabla ya matanga. Iliokolewa na mjadala. Waliosema kwamba shairi halina budi kuwa na vina walitoa sababu zao kwa maandishi na kwa majina yao; waliowapinga nao walitoa za kwao; na wanafunzi wa vyuo, vizazi kwa vizazi, wamesoma pande zote mbili. Wapo hata leo wasioipenda Kichomi, na ni haki yao. Lakini anayeikataa leo huikataa kwa kujua, kwa kuwa hoja za waliomtangulia zipo, hazikuyeyuka kama alama za jana.

Na kabla ya hapo ushairi wenyewe ulikuwa na sheria tukufu ya majibizano. Tangu siku za Muyaka wa Mombasa katika karne ya 19, na baadaye katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, mshairi aliyetupiwa neno alijibiwa kwa beti. Aliyetaka kupinga alilazimika kutunga, na katika kutunga alijiweka yeye mwenyewe chini ya hukumu. Mpinzani mvivu alishindwa na uvivu wake kabla ya kushindwa na hoja. Hii ndiyo maana halisi ya gharama niliyoitaja katika habari za Rungwe: hukumu iwe kazi, na kazi hiyo ionekane.

Nitaambiwa kwamba zama zimebadilika, maneno ni mengi kama mvua ya Tukuyu, na hapana mwenye nafasi ya kutoa sababu kwa kila alisomalo. Nakubali kwamba hapana. Lakini hakuna sheria imlazimishayo mtu kuhukumu kila alisomalo. Asiye na nafasi ya kutoa sababu na apite kimya. Kimya chake ni cha heshima kuliko kidole chake. Afadhali neno lisomwe na watu elfu na lijibiwe na watatu kwa sababu, kuliko lipigiwe vidole elfu na lisijibiwe na yeyote. Nitaambiwa pia kwamba wako wanaoogopa kusema kwa majina yao, na katika nchi zetu hofu hiyo ina msingi. Mwenye hofu ya haki na ajifiche jina, lakini asiifiche sababu. Sababu ikiwapo twaweza kuipima hata tusipomjua aliyeitoa. Aliyeficha vyote viwili hakutuachia kitu cha kupima.

Basi napendekeza mambo machache, nayo yamo ndani ya uwezo wetu bila kungoja serikali wala kampuni. Kwanza, katika makundi ya masomo ya vyuo vyetu, kuanzia vyuo vya ualimu vya Rungwe hata vyuo vikuu, iwe ni kanuni kwamba anayesifu aseme anasifu nini, na anayelaumu aonyeshe mahali penye kosa. Pili, mwalimu asimwulize mwanafunzi kama makala imependwa. Amwulize nani ameijibu, na jibu lile limeibadilishaje. Tatu, mtu aliyebadili shauri lake kwa hoja njema asichekwe. Mabaraza yetu ya sasa humcheka, na kwa kumcheka yanawafundisha wengine ukaidi. Nne, mazungumzo yenyewe yahukumiwe kwa matunda yake: je, waliotoka barazani wanajua kitu ambacho hawakukijua walipoingia? Kama wote wametoka na walichoingia nacho, hata wangalifurahi vipi, hapakuwa na mazungumzo pale, palikuwa na ngoma.

Wanafunzi wenzangu na walimu wangu, kazi ya kupima maneno tumeipokea kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, nao waliifanya kwa uso mkavu mbele ya majirani zao. Itakuwa aibu yetu sisi tuliosoma tukiiachia kidole kimoja, kiungo ambacho hata mtoto asiyejua kusema hukitumia kwa kunyonya. Anayetaka kuyapinga niliyoandika hapa na ayapinge. Milango ya jarida hili i wazi. Ila aje na sababu.